Shaba ya Benin: Kazi ya Nani, Mali ya Nani?

Katika Kiswahili neno shaba hubeba mambo mengi. Ni madini yachimbwayo ardhini, ni rangi, na ni michanganyiko yake pia: shaba na bati huzaa shaba nyeusi ya sanamu na kengele, shaba na zinki huzaa shaba ya manjano. Wazungu wamezoea kuziita kazi za mji wa Benin, kusini mwa Naijeria, kazi za shaba nyeusi, ingawa nyingi zina zinki. Kosa hilo ni dogo. Kosa kubwa ni kuzitazama kama mapambo tu, bila kuuliza nani alizitengeneza, kwa malighafi gani, na kwa manufaa ya nani.

Kwanza, kazi. Mafundi wa mtaa wa Igun walirithishana ufundi baba kwa mwana. Fundi hufinyanga kiini cha udongo, akakifunika kwa nta na kuichonga nta hiyo kwa umbo analolitaka, kisha akaizungushia udongo tena. Motoni nta huyeyuka ikatoka; shaba iliyoyeyushwa humiminwa mahali pake. Ikipoa, kalibu huvunjwa. Ndiyo maana hakuna kazi mbili zilizo sawa kabisa. Mabeberu walipoziona mwaka 1897, baadhi yao walidai kuwa Wareno au Wamisri ndio waliowafundisha Waafrika. Uongo huo ulikuwa na kazi yake, kwani asiyesadikiwa kuwa na ufundi ni rahisi kumtawala kwa kisingizio cha kumstaarabisha.

Pili, malighafi. Hapa mhakiki wa kimapinduzi hana ruhusa ya kufumba macho. Tangu mwisho wa karne ya 15 Wareno walileta bangili za shaba ziitwazo manila, wakazibadilisha kwa pilipili, pembe za ndovu, nguo na watumwa. Bangili hizo ziliyeyushwa na kusubiwa upya. Bamba moja lililoko Vienna linamwonyesha Mreno akiwa amezungukwa na manila: chombo kinatusimulia chenyewe kilikotoka. Mabamba ya namna hiyo yalipamba nguzo za jumba la Oba. Fundi hakusubu shaba apendavyo, alimtumikia mfalme. Mng'ao wa shaba, metali isiyoliwa na kutu, ulitangaza kwamba utawala wa kikabaila hautakoma. Kwa hiyo katika bamba moja mna akili ya mfanyakazi, fahari ya mtawala na machozi ya mtumwa.

Tatu, uporaji. Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji, yakapora maelfu ya vitu, na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Oba Ovonramwen alihamishiwa Calabar, akafa huko mwaka 1914. Katika miaka ya 1950 British Museum iliiuzia Naijeria baadhi ya mabamba hayo. Yaani aliyeporwa alitozwa fedha ili apate kilicho chake!

Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kuhamisha umiliki wa vitu vya Benin vilivyokuwa katika makumbusho yake. Huo ni ushindi. Hata hivyo, mwaka 2023 Rais wa Naijeria alitangaza kuwa mwenye vitu vinavyorudishwa ni Oba. Tena mwaka 2022 kundi la Wamarekani weusi, wajukuu wa watumwa, lilikwenda mahakamani kupinga taasisi moja ya Marekani kuvirudisha, likisema shaba hiyo ilinunuliwa kwa miili ya babu zao. Hoja yao haimhalalishi mporaji. Mwizi hapati haki kwa kuwa aliyeibiwa naye ana deni. Lakini deni lipo.

Somo hili linatuhusu Watanzania pia, maana makumbusho ya Berlin yamehifadhi vitu vilivyotekwa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tudai virudi, tena bila kigugumizi. Lakini kada anayedai virudi ajiandae kujibu swali la pili: vikirudi vitakuwa mikononi mwa nani, na mtoto wa mkulima atavionaje? Mali iliyotoka kwenye kabati la beberu ikaingia kwenye kabati la mkubwa mwingine imebadilisha kabati tu. Haijarudi kwa umma.