Mlango wa Duara na Bawaba Zake

Jaribu kuchora mlango wa nyumba ya Bilbo, yule hobiti. Katika The Hobbit, J.R.R. Tolkien anautaja mapema kabisa, kabla hatujamjua mwenye nyumba: ni duara kamili, umepakwa rangi ya kijani, na kishikio chake cha shaba ya njano kinang'aa katikati. Msomaji anapita tu. Mlango umeshafunguka kichwani mwake na safari inaendelea. Mwenye penseli hapiti. Mlango wa duara unafungwaje bawaba? Ukingo wote umepinda, na bawaba mbili zinataka kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo mlango hauzunguki. Ukiweka moja tu, uzito wote unaning'inia hapo. Na kishikio kikiwa katikati, si ukingoni, utahitaji nguvu kiasi gani kuuvuta? Fundi seremala wa Keko angecheka kwanza, kisha angeomba vipimo.

Kwa hilo peke yake nawavulia kofia wachoraji wa ridhaa, watu wenye ajira nyingine kabisa ambao jioni huketi na vibweta vya rangi za maji za bei nafuu wakachora hadithi waipendayo. Kazi yao haimruhusu mtu kusoma kwa kurukaruka. Mwandishi ana ruhusa ya kuacha vitu gizani, ila karatasi ina pembe nne na kila pembe inadai chake. Mwanga unatoka wapi? Wale vibeti kumi na watatu wamekaaje ukumbini bila kukanyagana, na nguo zao wamezitundika wapi? Mtu aliyesoma kitabu mara nyingi anaweza kugundua, brashi ikiwa mkononi, kwamba hajawahi kuuona uso wa mhusika anayempenda kuliko wote.

Rangi za maji nazo hazina huruma. Weupe wake ni karatasi yenyewe: ukitaka mng'aro juu ya gamba la joka, lazima uamue tangu mwanzo pale pasiguswe, kisha uzunguke na rangi nyepesi, uache ikauke, ndipo ushuke kwenye rangi nzito. Ukikosa subira, nyekundu inaingia kwenye njano, na dhahabu yote ya joka inageuka matope. Karatasi nyembamba inavimba na kufanya vidimbwi, rangi inakimbilia isikotakiwa. Wakati mwingine dimbwi hilo ndilo linalokuzawadia ukungu mzuri kuliko ule uliokuwa umeupanga. Siyo ustadi, lakini hakuna anayekataa zawadi.

Tolkien mwenyewe alikuwa wa ukoo huu. Alikuwa profesa wa Oxford, bingwa wa Kiingereza cha kale, na uchoraji haukuwa kazi iliyompa mkate. Hata hivyo The Hobbit ilipotoka Septemba 1937, ramani na michoro ya wino iliyokuwemo ilikuwa ya mkono wake, na mwaka huohuo akachora picha za rangi za maji kwa ajili ya toleo la Marekani. Katika moja, joka Smaug amejilaza juu ya lundo la dhahabu, mwekundu, mwenye madaha kama mmiliki wa benki, na Bilbo yuko chini pembeni, amefunikwa na kiwingu kuonyesha kwamba amevaa pete na haonekani. Hilo nalo ni tatizo la bawaba: unamchoraje mtu asiyeonekana? Tolkien akatafuta njia, na njia yake inachekesha kidogo na inafaa. Baadaye aliwaandikia wachapishaji kukiri kwamba hobiti huyo ni mkubwa mno na amenenepa mahali pasipostahili. Tai wa picha nyingine alimtoa kwenye mchoro wa Archibald Thorburn, mchoraji maarufu wa ndege, kama afanyavyo yeyote kati yetu anayehitaji bawa sahihi na hana tai nyumbani.

Mtu akishachora, huja hamu ya kuonyesha, na hapo ndipo moyo hudunda. Mfano ninaoupenda ni wa Margrethe wa Denmark, aliyetawazwa kuwa malkia mwaka 1972. Aliipenda The Lord of the Rings akaichorea picha, na mapema miaka ya 1970 zikamfikia Tolkien. Mwaka 1977 zikachapishwa kwenye toleo la Kidenmaki chini ya jina la bandia, Ingahild Grathmer, na Uingereza zikatumika baada ya kuchorwa upya na mchoraji Eric Fraser. Mtu mwenye uwezo wa kuamuru picha zake zitundikwe popote katika ufalme alichagua jina ambalo msomaji wa kawaida hakulijua. Namwelewa. Sifa za watumishi wa ikulu hazimwambii mchoraji kama mti wake unafanana na mti.

Ajabu ni kwamba Tolkien, mzee huyuhuyu wa rangi za maji, alikuwa na mashaka na picha za hadithi. Katika insha iliyotokana na mhadhara wake wa mwaka 1939 huko St Andrews, Scotland, alieleza kwamba hadithi ikitaja kilima na mto bondeni, kila msikilizaji huunda kilima chake kutokana na vilima alivyowahi kuviona, ilhali mchoraji anawapa wote kimoja. Ni hoja nzito, lakini naona inawabana zaidi wachoraji rasmi. Picha iliyochapwa ndani ya kitabu, au sinema, inakuja na mamlaka. Tangu filamu za Peter Jackson za The Lord of the Rings, za mwaka 2001 hadi 2003, wachawi Gandalf wengi wanaochorwa mezani wana sura ya mwigizaji Ian McKellen, na hilo ndilo jambo pekee linalonikera katika fani hii. Picha ya ridhaa haina mamlaka yoyote. Ikikaa kati ya nyingine kumi, kila moja na kilima chake, hoja ya Tolkien inatimia badala ya kuvunjika.

Tena macho ya mchoraji huweza kumrekebisha hata mwandishi. Mwaka 1962 Tove Jansson, aliyebuni wahusika wa Moomin, alichora toleo la Kiswidi la The Hobbit, na kiumbe Gollum kwake ni jitu linalomfunika Bilbo. Watu walishangaa, lakini kitabu kilikuwa hakijasema kiumbe yule ana kimo gani. Katika masahihisho ya miaka ya 1960 Tolkien aliongeza kwamba ni mdogo.

Sisi nasi tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1940 kitabu cha Lewis Carroll kilitoka kwa Kiswahili kama Elisi katika Nchi ya Ajabu. Picha zake zilifuata zile za John Tenniel, mchoraji wa kitabu cha asili, ila Elisi alikuwa msichana wa Kiafrika. Sungura hakulalamika, na hadithi haikupungukiwa na kitu.

Ndiyo maana nilifurahi sana siku rafiki yangu, muuguzi, alipotandaza mezani nchi ya mahobiti. Alikulia Mufindi, na vilima vyake vilikuwa vya Mufindi waziwazi: chai imekatwa kwa usawa, njia nyembamba nyekundu zinapita katikati, na milango ya duara imechomoza kwenye kijani kama vifungo vya koti. Kijana mmoja, shabiki sugu, akaruka.

"Dada, hobiti halimi chai!"

"Anakunywa, hanywi?"

"Anakunywa."

"Sasa anaitoa wapi?"

Kitabu kikaletwa. Chai ipo tangu sura ya kwanza, Bilbo anawaandalia wageni na wageni wanazidi kumiminika, lakini shamba la chai hiyo halionekani popote. Kijana akapekua hadi birika letu likapoa, kisha akaomba aazimwe rangi ya kijani.