Daraja la Kilombero kwa miguu: shukeni kwenye bodaboda!

Jamani, nimelivuka daraja la Kilombero kwa miguu, kutoka upande wa Ifakara hadi upande wa Ulanga, na nina ugomvi na kila rafiki niliye naye Mlabani. Mbona hamkusema? Mnalipita mkiwahi Lupiro au Mahenge, kofia zimekazwa, macho mbele, dakika moja mmeshafika ng'ambo. Shukeni! Matembezi mazuri kuliko yote bondeni yako chini ya matairi yenu.

Kwanza urahisi wake. Unapanda bajaji mjini, inakushusha daraja linapoanzia. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlima wa kupanda. Ni mita 384 za zege, tambarare kama meza, na waenda kwa miguu wana njia yao pembeni. Shangazi yangu, ambaye magoti yake yalishagoma kupanda ngazi, alivuka na mkongojo wake akarudi, akisimama anapotaka yeye, na aliyekuwa akiombwa apunguze mwendo ni yeye, si mimi!

Halafu fika katikati, egemea ukingo, tazama chini. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mvuvi alikuwa anapita chini yetu, amesimama nyuma ya mtumbwi na upondo wake, na kwa kuwa tulikuwa juu yake kabisa tuliona hadi ndani: wavu umekunjwa, kopo la kukombea maji, kambale wawili bado wanajipigapiga. Akapiga upondo mara moja, mtumbwi ukaupita mkondo kwa ubavu, akatokomea kwenye matete. Shangazi akamwita kuuliza bei. Hakusikia, bahati yake.

Na hayo matete sasa! Humo anaishi mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano, dume lake na uso mweusi, ambaye makazi yake duniani ni bonde hili tu. Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1990. Wavuvi bila shaka walikuwa wakimwona tangu enzi. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, nasi tunampita kwa bodaboda. Sheshe usimtafute hapa, yule swala anataka uwanda mpana usio na honi. Lakini ardhi oevu yake inaanzia hapo hapo ulipoegemea: karibu kilomita za mraba 8,000, zilizoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Asubuhi isiyo na ukungu unaona Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na mto katikati ukienda kukutana na Luwegu ili uitwe Rufiji.

Wenye umri mkubwa kidogo watakuonyesha pantoni ilipokuwa ikivusha. Shangazi alisimama pale muda mrefu kuliko popote. Enzi hizo safari ya Mahenge ilikuwa foleni: malori, mabasi, wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wote wanasubiri chombo kimoja, na mto ukifura mnasubiri zaidi. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja lilizinduliwa Mei 2018 na Rais Magufuli, likapewa jina lake, ingawa wengi bado wanaliita kwa jina la mto. Sijui daraja jingine ambalo watu hulivuka huku wakiwataja waliokuwa wakivusha kabla yake.

Kasoro zipo. Kivuli hakuna hata cha kuweka kichwa, na benchi hakuna. Halmashauri ikiweka mawili tu kila upande nitaandika tena kwa herufi kubwa. Lori la mpunga likipita, zege linatetema hadi kwenye nyayo (mimi nilipenda, shangazi alishika ukingo). Kushuka majini sahau: mamba na viboko ni wenyeji wa mto huu. Na masika uwanda hugeuka ziwa, kwa hiyo mimi nishapanga kurudi Aprili, mwavuli mkononi.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne jua litakufukuza. Beba maji. Na bajaji patana nayo kwenda na kurudi kabla hujakaa, maana ukishavuka mto bei inajua huna pengine.