Chemsha Bongo Isiyochemsha

Mashairi yanahakikiwa. Hadithi fupi zinahakikiwa, nyingine mpaka mwandishi anajuta kushika kalamu. Hata nyimbo za dansi zina wahakiki wao vijiweni. Lakini ule ukurasa wa nyuma wa gazeti, wenye miraba myeupe na myeusi, herufi zilizovurugwa na maswali ya “je, wajua?”, sijaona mtu akiutazama kwa jicho la uhakiki. Unachukuliwa kuwa kijazio tu. Tangazo limekosekana? Wekeni chemsha bongo.

Nauandikia sasa kwa sababu baadhi ya wenzetu wanataka jarida hili nalo liwe na ukurasa wa mafumbo, na washairi wamenuna. Wana haki ya kununa. Kurasa zetu ni chache, na kila ukurasa wa miraba ni shairi moja au mawili yanayobaki kwenye faili la mhariri. Mimi niko upande wa mafumbo, lakini si haya ya magazetini. Kama ni haya, heri washairi washinde.

Tuanze na hayo maswali ya kujua. “Mji mkuu wa Ghana ni upi?” Jamani, hilo ni fumbo? Huo ni mtihani wa jiografia. Aliyewahi kuambiwa Accra atajibu bila bongo kupata hata vuguvugu, na asiyejua anaweza kukaa mpaka usiku wa manane, Accra haitamjia. Kitendawili hakifanyi hivyo. Ukiambiwa nyumba yangu haina mlango, kila unachohitaji unacho tayari, maana yai umeliona tangu utotoni. Ukishindwa halafu ukaambiwa jibu, unajipiga kofi la paji la uso. Hilo kofi ndilo kipimo changu. Swali ambalo jibu lake linamfanya msomaji aseme “kumbe!” ni fumbo. Linalomfanya aseme “sikuwa najua” ni habari. Tena maswali mengine ni rahisi makusudi, yamebandikiwa kuponi ya kukata na kutuma ushinde fulana. Hapo hatuchemshi kitu, tunacheza bahati nasibu na gazeti linauza nakala.

Sasa miraba yenyewe. Mtu aliyeianzisha anajulikana: Arthur Wynne, Mwingereza wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akachapisha wa kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ulikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 vijana wawili wa New York, Simon na Schuster, walifungua kampuni ya vitabu, na kitabu chao cha kwanza kabisa kilikuwa mkusanyo wa mafumbo hayo, kikiuzwa na penseli yake. Wanaodhani mafumbo ni kazi ya kitoto wakumbuke kwamba shirika zima la uchapishaji lilisimama juu yake. The Times la London lilijivuta mpaka mwaka 1930 ndipo likaanza.

Lakini Wynne alikuwa akicheza na Kiingereza. Mraba wake umekatwa kwa kipimo cha lugha ambayo maneno yake huishia kwa herufi yoyote ile na ambamo konsonanti tatu zinaweza kusongamana pamoja bila kugombana. Sisi tumeuvaa kama koti la mtumba bila kupita kwa fundi. Angalia kinachotokea. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Neno la wima likikatiza neno la mlalo kwenye irabu, msaada unaoupata ni mdogo mno. Nikikuonyesha herufi sita, -a-a-u, umepata nini? Yaweza kuwa kalamu, yaweza kuwa karamu, yaweza kuwa barafu. Juu yake kuna viambishi: ukiambiwa jibu ni wingi wa watu, wa- umeshaiandika kabla hujafikiri.

Halafu tahajia. Neno ng’ombe linakaa katika vyumba vingapi? Kibanio kina chumba chake au kinalala na mwenzake? Na dh, gh, sh, ni herufi moja au mbili? Nimekutana na mraba ambao ch ya neno moja ilipewa chumba kimoja na ch ya neno jingine ikapewa viwili, ukurasa mmoja, siku moja. Na mtungaji akibanwa na vyumba vitatu vilivyobaki, hukimbilia uchochoro ninaouchukia kuliko yote: “Nyuki kwa Kiingereza.” Hapo fumbo la Kiswahili limekiri mbele ya wasomaji wake kwamba Kiswahili kimeishiwa. Msomaji wa kidato cha nne ambaye tayari ameambiwa mara elfu kwamba akili zinakaa katika Kiingereza, anaambiwa tena, safari hii na ukurasa wa burudani.

Dawa ipo, na tuliimeza darasa la kwanza. Ba, be, bi, bo, bu. Sisi hatukuanza kusoma kwa herufi, tulianza kwa silabi. Basi chumba kimoja kipewe silabi moja. Wajapani wanafanya hivyo siku nyingi. Mraba wao hujazwa kwa alama za kana, na kila alama ni kama silabi. Tazama mraba huu mdogo nilioutunga:

KA TA
LI MA

Mlalo, kata na lima. Wima, kali na tama, lile tama linaloshikwa na mwenye mawazo. Vyumba vinne, maneno manne, na hakuna irabu inayozurura peke yake. Ng’ombe anakaa vyumba viwili bila ugomvi, ng’o na mbe. Mtu anachukua viwili, m na tu. Mbwa ndiye atakayetugombanisha, maana wengine watasema ni silabi moja na wengine mbili, na mimi ningependa sana kuona barua za ugomvi huo kuliko barua za kulilia fulana. Na ukibaki na ka-?-mu, hapo ndipo kidokezo kinapofanya kazi yake: ni kalamu au karamu, ni mwandishi au mlafi.

Silabi inatupa na mchezo wa pili, nao hauhitaji hata mraba. Watoto wa pwani wana lugha ya kinyume, ya kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele ili mkubwa asielewe. Kitabu kinakuwa bukita. Maneno mengi yakifanyiwa hivyo huwa takataka, lakini machache hugeuka kuwa neno jingine, na hayo ndiyo dhahabu ya mtungaji. Mali ikigeuka ni lima. Chapa ni pacha. Wali ukigeuka ni liwa, na kweli ndio mwisho wake. Raha ikigeuka, samahanini walio mezani, ni hara. Habari nayo, ukizibadilishia nafasi silabi zake mbili za kwanza, ni bahari. Kwa hiyo kidokezo si lazima kiwe “maji mengi ya chumvi”. Kinaweza kuwa “Habari zimevurugika, meli zinapita juu yake”. Msomaji anahangaika na magazeti na redio, kumbe yuko Magogoni anatazama pantoni.

Hapo tumefika kwenye kile ninachokiita kidokezo chenye sakafu mbili. Juu kinasema jambo moja, chini kinasema jingine, na yote mawili ni ya kweli. Mfano: “Mji wa mkonge ukiingiwa na wizi, chai inanoga.” Jibu ni tangawizi. Tanga, wizi, na kikombe cha chai. Mfano mwingine: “Bara mara mbili, na magari yanapita.” Barabara. Neno hili lina na uhondo wake, maana ukisogeza mkazo nyuma kidogo unapata lile barabara lenye maana ya sawasawa. Mdomo unayatofautisha, karatasi haiyatofautishi, na mtungaji mjanja anaishi katika huo ufa.

Nitaeleweka vibaya nikidhaniwa nakataa kila cha Waingereza. Lewis Carroll, yule wa kisa cha Alice, mwaka 1879 alianza kuchapisha katika jarida la Vanity Fair mchezo wa kubadili herufi moja moja mpaka neno liwe jingine, na kila hatua lazima iwe neno halali. Mchezo huo umevuka bahari bila koti kubana. Ukitaka kujua Kiswahili kinaupenda kiasi gani, tembea kutoka kwa baba hadi kwa mama: baba, kaba, kama, mama. Hatua tatu, na hiyo kaba ya katikati kila mmoja aifasiri kwa nyumba yao. Au kutoka moto hadi maji: moto, mota, kota, koti, kati, kali, mali, maji. Umepita kwenye injini, kwenye kota za reli, kwenye nguo, na njiani ukaokota mali. Maneno yetu mafupi mengi yamejengwa kwa mpango mmoja, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kwa hiyo yanashikana mikono kirahisi. Mraba wa herufi unautumia mpango huo dhidi yetu. Mchezo wa Carroll unautumia kwa faida yetu.

Kwa waandishi wachanga kuna zoezi gumu zaidi, na hapa nawaomba washairi walionuna wasogee karibu. Mfaransa Georges Perec aliandika riwaya nzima, iliyotoka mwaka 1969, bila kutumia herufi e hata mara moja katika masimulizi yake. Mtu huyohuyo baadaye alikuwa akitunga mraba wa maneno kila wiki katika gazeti la Le Point, wala hakuona aibu. Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila herufi a. “Mtoto huyu mdogo hujibu vizuri.” Inawezekana, lakini ona ulichopoteza. Wakati uliopo umekwenda, maana -na- ina a. Wakati ujao umekwenda na -ta- yake. Umebaki na yaliyopita, na mazoea ya hu-. Kisha jaribu kumiliki kitu: changu, chako, chake na chao vyote vimekufa. Vimesalia chetu na chenu. Herufi moja tu imetoka mlangoni, na lugha imebaki haina leo, haina kesho, na mali yote ni ya umoja. Mwalimu wa sarufi angetumia muhula mzima kunifundisha jambo hilo na nisingelishika. Fumbo limenifundisha kwa dakika kumi.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba huu ni ukurasa wa watoto. Fumbo kwetu halikuwa la watoto hata siku moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kwenye miaka ya 1840 hivi, alitunga tungo ambazo msomaji wa leo huhitaji kuelezwa zilimlenga nani, ilhali walengwa wenyewe walielewa mara moja. Kanga nayo haisemi “jirani, koma”. Inasema jambo la mbali kabisa, jirani analisoma mgongoni mwa mwenzake, na usiku halali. Fumbo letu lina mtu upande wa pili, na mtu huyo huumia au hucheka.

Hiki ndicho karatasi imekishindwa mpaka sasa. Barazani anayetega husema kitendawili, wenzake hujibu tega, na wakishindwa hudaiwa mji. Mtegaji hupewa mji, huutembelea kwa maneno, hujisifu, hula na kulala huko, ndipo atoe jibu. Kuchelewesha huko ndiko nusu ya utamu. Magazeti yetu yanafanyaje? Yanachapa jibu kichwa chini, miguu juu, chini ya ukurasa uleule, kana kwamba kugeuza gazeti ni kazi ya kumshinda mtu. Msomaji hugeuza kabla hajajaribu, na mimi simlaumu. Mimi ningesema majibu yasubiri toleo linalofuata, na anayeshindwa aandike barua ya kutoa mji, autaje na aueleze kwa mistari mitano hivi. Tena huenda kwa njia hiyo tukapata maelezo ya Singida au Kigoma yaliyo bora kuliko hadithi nyingi tunazoletewa, ambazo zote hutokea Dar es Salaam na zote huishia kwenye ajali ya gari.

Sharti moja la kichapishaji: fumbo lisiende kiwandani kabla watu wawili ambao hawakulitunga hawajalifumbua. Shairi likikosewa herufi moja msomaji husamehe na kuendelea. Fumbo likikosewa herufi moja limekufa, na limemuua njiani mtu aliyekaa nalo kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Mwenge.

Ukurasa wenyewe mhariri bado hajaukubali, kwa hiyo najitwalia nafasi hapahapa. Toka sasa hadi kale kwa hatua nne, ukibadili herufi moja kila hatua, na kila hatua iwe neno. Njiani utakutana na mnyama wa baharini. Aliyeshindwa anadaiwa mji.