Mikono ya Yusuf

Nilianza kusoma Peponi kwenye matatu ya kutoka Kitale, nikaimaliza Bungoma kwa shangazi, mkono mmoja ukishika kitabu na mwingine ukimkanda magoti kwa Robb. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, Paradise, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Wengi huisoma kama hadithi ya misafara na ujio wa Wajerumani. Sawa, ingawa misafara yenyewe ilinichosha, na sisi watu wa bara humo ndani tunaitwa washenzi kila kurasa chache. Mimi nilikwama bustanini.

Yusuf amewekwa rehani na babake kwa sababu ya deni, sasa anaishi kwa tajiri Aziz. Kuna bustani yenye maji na miti ya matunda, inayotunzwa na Mzee Hamdani, mtumwa aliyekataa kupewa uhuru kwa kuwa, kwake yeye, haukuwa wao kuutoa. Mke wa tajiri, Zulekha, humtazama kijana kupitia vioo vilivyotundikwa mitini. Ana alama usoni inayomtesa, na ameamini kwamba dua na mguso wa Yusuf vitamponya. Basi Yusuf anaitwa, Khalil anatafsiri. Kama mwenye mikono mwenyewe anataka, hilo halimhusu mtu.

Sasa, binti wa huyu shangazi anakanda watu Unguja. Kule Paje na Jambiani siku hizi watu hawaendi tu kuogelea, wanaenda kupona. Yoga alfajiri, masaji, kusuguliwa kwa mwani. Hata singo, ile ya asumini, langilangi na mawaridi anayosuguliwa bi harusi, sasa imo kwenye orodha ya bei. Mwani nao unalimwa zaidi na akina mama, tangu mwisho wa miaka ya 1980, wakiinama kwenye maji ya chumvi. Mgongo wao haumo kwenye tangazo. Neno linalopendwa hapo ni peponi, na Gurnah alishalipima: bustani ni nzuri, ila uliza nani anaruhusiwa kutoka.

Wakala mmoja alimlipia binamu yangu nauli na kibali cha kazi, na mpaka leo anamkata kila mwezi. Nikamtumia ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, kuhusu rehani na Yusuf. Nilijiona msomaji hodari kweli.

Akajibu: "Wee, usiniletee Yusuf wako. Yusuf alilipwa? Hii mikono ndiyo inalipa karo ya ndugu yangu. Deni ni langu, nalihesabu mwenyewe, limebaki miezi mitano. Na hao wageni, unajua wangapi hulia pale kitandani? Juzi mmoja alilia mpaka nikambadilishia taulo."

Hiyo ya taulo ilinirudisha kitabuni. Mara ya kwanza nilimsoma Zulekha kama kichekesho, bibi tajiri mwenye wazimu. Lakini tunamjua kupitia midomo ya wengine tu, Khalil na kisha Amina, na hapo nadhani riwaya inamdhulumu kidogo. Maumivu yake ni ya kweli. Ubaya ni kwamba anayafanya kuwa kazi ya mtu asiyeweza kusema hapana. Binamu yangu anaweza kusema hapana? Anasema ndiyo, anaweza. Baada ya hiyo miezi mitano.

Shangazi alikuwa amesikiliza simu yote. Akaniuliza saa moja ya kukandwa kule ni pesa ngapi. Nikamgeuzia dola kuwa shilingi zetu. Akanyamaza, akatazama mikono yangu yenye Robb, kisha akavuta leso juu na kunisogezea goti la pili.