Wasikilizaji Wenye Kusahihisha

Tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilifanyiwa mazoezi hadharani huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, kabla serikali haijaizuia mwezi Novemba. Wazee walisahihisha lugha, wafanyakazi walisahihisha habari za viwandani, waandishi wakakubali. Ndiyo maana maskini wa mchezo huu wana sauti zao wenyewe. Lakini Kĩoi, Mkristo tajiri aliyepewa jina la Ahabu, amebaki kikaragosi, pengine kwa kuwa matajiri wa namna yake hawakuwapo mazoezini. Huo ni udhaifu, nasi wachungaji tumeupigia kelele mno. Nimehubiri miaka mingi. Hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kunisahihisha neno, wala sijawahi kumwomba anisahihishe.