Bunduki na Nasaba katika Tawasifu ya Tippu Tip: Usomaji wa Kasongo na Kabambare

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, imekwisha kupata nafasi yake katika historia ya nathari ya Kiswahili. Heinrich Brode aliichapisha mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley akaitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. François Bontinck akaifasiri kwa Kifaransa mwaka 1974. Katika muda huo wote imesomwa zaidi kama kitabu cha safari na biashara: pembe na bei zake, njia na wafalme wake, Wazungu waliokutwa njiani. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo umeacha pembeni jambo ambalo msomaji wa Kasongo au Kabambare hulikuta mapema, nalo ni kwamba bunduki katika simulizi hii ni chombo cha kuundia ukoo.

Jina la msimulizi ni ushahidi wa kwanza. Hamed anazo nasaba mbili za kumtambulisha, ya baba na ya nisba, na desturi ya pwani ilimtosheleza kwa hizo. Lakini jina lililomshika ni tanakali sauti. Yapo maelezo mawili: wengine husema aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho, naye mwenyewe husimulia kwamba waliokimbia mbele yake waliiga mlio wa bunduki zake. Haidhuru ni yapi yaliyo sahihi kihistoria. Lenye uzito kwa mhakiki ni kwamba msimulizi, mzee aliyerudi Unguja na kuandika maisha yake, alichagua maelezo ya mlio. Aliridhia kuitwa kwa sauti iliyosikika na waliokuwa wakikimbia.

Ushahidi wa pili umo katika hesabu. Nguvu ya msafara hupimwa kwa idadi ya bunduki, na mara nyingi aliyeishika bunduki hatajwi. Mtu, ambaye sarufi imempa ngeli yake ya heshima, huingia katika hesabu kwa nomino ya kitu. Mtindo huu haukuwa wa Tippu Tip peke yake. Wasafiri wa Kizungu wa zama zile walihesabu hivyohivyo. Tofauti ni kwamba hao walikuwa wakipita, hali Tippu Tip alikuwa akijenga makao. Wale waliohesabiwa kama bunduki ndio waliooa, wakalima na kuzaa katika nchi ya Maniema.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote ni ile ya Utetera. Katika safari za kuelekea huko, msimulizi hueleza kwamba wenyeji, kwa kuwa hawakuwahi kuona bunduki, walizidhania kuwa michi. Wahakiki wengi hulipita tukio hili kama kichekesho, na bila shaka msimulizi naye alikusudia msikilizaji acheke. Lakini mchi ni chombo cha nyumba. Hukaa na kinu, hushikwa na mama, na binti huachiwa pamoja na kazi yake. Wenyeji walilitafuta jina la kitu kigeni ndani ya nyumba zao, na historia ya miaka iliyofuata ikawaonyesha kwamba hawakukosea mahali pa kukitafuta.

Hapo ndipo hila kubwa ya kitabu inapokuja. Tippu Tip alikuwa amesikia habari za dada za mfalme Kasongo Rushie waliotekwa zamani katika vita na kupelekwa Urua. Alizikusanya habari hizo kwa makini, majina kwa majina, kisha akadai kwamba bibi yake alitokana na mmoja wao, kwa hiyo yeye ni wa damu ya Utetera. Mfalme mzee akamkubali na kumwachia mamlaka. Msimulizi haikiri hila hiyo waziwazi, lakini ameziweka hatua zake kwa mpangilio unaomwezesha msomaji kuziona zote, na ustadi huo wa usimulizi ni wa hali ya juu. La kuulizwa ni kwa nini mwenye bunduki nyingi alihitaji bibi. Jibu limo katika matini yenyewe: bunduki ingeweza kumpa mateka na pembe za siku moja, lakini haki ya kupokea pembe mwaka hata mwaka hutoka kwenye ukoo. Na madai ya ukoo yaliyoletwa na mgeni asiye na silaha pengine yasingesikilizwa hata jioni moja. Kila kimoja kilikuwa dhamana ya mwenzake. Mwanamke ambaye dhamana hii yote imesimama juu yake hana neno hata moja katika kisa.

Nje ya matini, utaratibu huohuo ulienea kwa namna iliyo duni zaidi. Vijana waliotekwa walilelewa katika makao ya wakubwa wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare, wakavishwa nguo, wakafundishwa Kiswahili, wakapewa gobore na kuitwa waungwana. Gobore hujazwa kwa mdomo, huhitaji baruti na fataki, na vyote viwili vilitoka kwa bwana. Kijana asiyepewa baruti alibaki na fimbo. Kwa hiyo silaha iliyomtoa utumwani ndiyo iliyomfunga kwa baba mpya. Ngongo Lutete, ambaye mapokeo mengi humtaja kuwa aliingia katika himaya hiyo akiwa mateka, alipanda kwa njia hii hata akawa mkuu wa majeshi. Mwaka 1892 alihamia upande wa Dola Huru ya Kongo. Sefu, mwana wa damu wa Tippu Tip, alidai arudishiwe mtu wake. Machi 1893 Nyangwe ilianguka, Aprili Kasongo. Septemba Ngongo alipigwa risasi na maofisa wa dola aliyoitumikia, na kabla ya mwaka kwisha Sefu naye alikuwa ameuawa vitani. Mwana wa damu na mwana wa bunduki hawakupishana hata kwa mwaka mmoja.

Ili kuona kilichokuwapo kabla ya mambo hayo, inafaa kuisoma tawasifu sambamba na shajara ya David Livingstone, aliyekaa miezi mingi Bambarre, yaani Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu, kisha akafika Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wenye bunduki wakiingia sokoni, akashangaa, kwa kuwa silaha hazikuwa na desturi ya kuingia pale. Soko lilikuwa la wanawake zaidi. Muda mfupi baadaye risasi zikapigwa, na makisio ya kwanza ya Waarabu yalitaja waliokufa kati ya 330 na 400, wengi kwa kuzama mtoni. Daftari lake la asili, lililosomeka tena na kutolewa mwaka 2011 kwa msaada wa picha za kitaalamu, limezusha maswali juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe siku ile. Tippu Tip alikuwa bado hajafika Lualaba. Hata hivyo mshangao wa Livingstone unahifadhi sheria ambayo tawasifu haina nafasi ya kuitaja: palikuwapo mahali pa mama na wana ambapo bunduki haikuruhusiwa.

Lugha imetunza mengine. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hudunisha kwa ka- na tu-, ambapo Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi-. Kadogo ni mtoto mdogo, kwa kawaida kwa sauti ya mapenzi. Katika vita vya 1996 na 1997 neno hilo likawa jina la mtoto mwenye bunduki, aliyemwita kamanda wake mzee. Baadaye, katika miaka ya 2010, kundi lililobeba silaha pande za Salamabila, penye dhahabu ya Namoya katika Kabambare, lilijulikana kwa jina la Malaika, neno ambalo wazazi humwita mtoto mchanga. Msamiati wa jeshi ulitoka tena nyumbani, kama ulivyotoka mchi.

Ugumu wa kuifundisha tawasifu hii katika Maniema uko hapa. Darasani hukaa wajukuu wa walioshika gobore pamoja na wajukuu wa waliohesabiwa na pembe, mara nyingi katika mwili wa mwanafunzi mmoja, na lugha wanayoisomea ni ileile iliyofika na misafara hiyo. Kuwapa sura ya safari peke yake, kwa sababu ina ramani na tarehe, ni kuwanyima kitabu. Wapewe kwanza kisa cha Utetera, na swali la kwanza liwe juu ya dada za mfalme: nani aliwateka, nani aliwasimulia, na kwa nini msimulizi alihitaji kuyajua majina yao kabla hajaivuka mipaka ya nchi yao.