Chujio la Postfix: linafaa wapi, linatuangusha wapi

Mwaka jana nilikuwa nasaidia kutunza seva ya barua pepe ya mradi mmoja wa utafiti. Barua taka za bahati nasibu zilikuwa zimetuchosha, zile za "You win", kila asubuhi thelathini, arobaini. Nikafungua faili la header_checks kwenye Postfix, nikaandika mstari mmoja, nikaenda zangu kunywa chai:

/^Subject:.*win/ DISCARD

Zikakoma kweli. Wiki mbili baadaye mwenzetu anayesomea famasia akanijia: "Kaka, hivi barua zangu kutoka maabara unaziona huko kwenye seva?" Nikatafuta kwenye logi. Kumbe mtaalamu wa maabara alikuwa amemwandikia mara tatu, na mada ni ile ile: "Mwingiliano wa dawa: sampuli zako". Hebu litazame neno mwingiliano. Ndani yake w, i na n zimefuatana. Barua zote tatu zilitupwa. Muda wa kuhifadhi sampuli za damu ulikuwa umepita, nazo zikateketezwa. Kazi ya miezi miwili.

Nilimwomba radhi, lakini radhi hairudishi damu kwenye vichupa. Tangu siku hiyo nimekisoma upya chombo hiki, na leo nataka kukihakiki kama tunavyohakiki kitabu.

Kwanza, kinafanya nini? Postfix iliandikwa na Wietse Venema akiwa mtafiti IBM, ikatolewa kwa umma Desemba 1998. Faili la header_checks ni jedwali tu: kushoto ruwaza, kulia amri. Barua inapoingia, kabla haijawekwa kwenye foleni, Postfix inapitia vichwa vyake kimoja kimoja (From, To, Subject na vinginevyo) na kukilinganisha kila kimoja na ruwaza hizo kuanzia juu kwenda chini. Ruwaza ya kwanza inayolingana ndiyo inayotoa amri. Ruwaza zenyewe zinaandikwa kwa rejeksi: alama ^ ni mwanzo wa mstari, nukta ni herufi yoyote, nyota ni "irudie mara yoyote, hata sifuri".

Rejeksi zimetoka kwenye hisabati. Stephen Kleene alizieleza miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mitandao ya neva, na mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha njia ya kuzigeuza kuwa programu ya kutafuta maandishi. Swali zinalojibu ni moja tu: je, mfuatano huu wa herufi una umbo hili? Neno hazilijui. Lugha ndiyo kabisa.

Kosa langu si geni. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba tusi katikati. Ukizuia dawa ya cialis bila kuangalia, umezuia pia neno la Kiingereza specialist. Kiswahili nacho kinabandika viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo neno moja linabeba vipande vingi vinavyoweza kufanana na kitu cha lugha nyingine. Mwingine, mwindaji, Mwinyi: wote wana win. Hassan na Kassim wamebeba tusi la Kiingereza la herufi tatu. Ukinakili orodha ya maneno mabaya iliyotungwa na Mmarekani na kuibandika kwenye seva ya Dodoma au Mombasa, unafungia nje majirani zako.

Najua utasema: si ungeweka \b, alama ya mpaka wa neno? Kweli, kwa ruwaza za aina ya PCRE, \bwin\b isingeligusa neno mwingiliano. Ila mitego haijaisha.

Mtego wa kwanza ni herufi i. Aliyezoea Perl huiongeza mwishoni mwa ruwaza ili herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Kwenye Postfix usawa huo upo tayari, na i huugeuza. Yaani ukiandika /win/i ukidhani unalegeza, umekaza: sasa "WIN" inapita bila kuguswa.

Mtego wa pili ni usimbaji. Mada yenye herufi zisizo za ASCII husafirishwa ikiwa imefungwa kwa namna maalumu, na mtumaji anaweza kuifunga hata isipohitaji. "You win" inakuja hivi: =?UTF-8?B?WW91IHdpbg==?=. Chujio hili haliifungui. Linatazama kilichofungwa, halioni win, linaruhusu. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo mada zetu kwa kawaida husafiri wazi. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: tapeli aliyejifunika anapita, na mtaalamu wa maabara anayeandika wazi anakamatwa.

Mtego wa tatu: kila kichwa kinapimwa peke yake. Huwezi kuandika "kama From inadai ni benki lakini Reply-To inaelekea kwingine, zuia", kwa sababu uamuzi wa kichwa kimoja haubebwi kwenda kingine. Tena From yenyewe huandikwa na mtumaji anavyotaka, kama jina nyuma ya bahasha. Kazi ya kuhakiki mtumaji ni ya SPF, DKIM na DMARC, siyo ya ruwaza.

Hapa nina lawama kwa mwongozo wenyewe. Mambo haya mawili ya mwisho umeyaeleza, tena unakiri kwamba watu wengi huyasahau. Lakini umeyaweka huko chini, baada ya orodha ndefu ya amri, chini ya kichwa BUGS. Ukijua watu hujikwaa mlangoni, taa unaiweka mlangoni.

Lawama yangu kubwa zaidi ni kwa DISCARD. Amri hii inaiambia seva ya mtumaji kwamba barua imepokelewa vizuri, kisha inaitupa. Mtumaji hana habari, mpokeaji hana habari, anayejua ni logi peke yake. REJECT ingekuwa na adabu zaidi: seva ya mtumaji ingekataliwa papo hapo, yule mtaalamu angeletewa taarifa kwamba barua haikufika, na angepiga simu. Neno baya lilikuwa kwenye ruwaza yangu, lakini sampuli ziliuawa na ukimya.

Je, tulitupe chujio lote? Hapana. Kumbuka kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000. Aliyezuia mada ya "ILOVEYOU" alipumua muda mfupi tu, kisha yakaja matoleo mengine yenye mada kama "Joke". Aliyezuia viambatisho vyenye jina linaloishia na .vbs alizuia na hayo pia, kwa sababu bila aina ile ya faili kirusi kile kisingefanya kazi. Mwisho wa jina la faili ni suala la umbo, na umbo ndilo rejeksi inalolijua. Nia ya mtu aliyeandika "win" ni suala la maana. Hilo wapelekee vichujio vinavyokusanya ushahidi mwingi na kuutolea alama, kama SpamAssassin.

Siku hizi kila sheria mpya naianza na WARN, amri inayoandika kwenye logi na kuiacha barua ipite. Kabla ya hapo naipima kwa mada halisi za watu wetu, za Kiswahili, kwa postmap -q. Baada ya wiki moja nasoma logi. Ikinasa barua halali hata moja, naifuta. Isiponasa, naipandisha iwe HOLD au REJECT. DISCARD nimeiondoa kwenye faili lote.

Yule dada amekusanya sampuli upya. Safari hii ameniomba namba ya simu ya mtu wa maabara ibandikwe ukutani, na sikuwa na la kumpinga.